Bikari si dira: mapenzi yanapojengewa hoja

Siku hizi shairi gumu halimkoseshi mtu usingizi. Mwanafunzi hulipiga picha kwa simu, akalitia kwenye programu ya akili mnemba, na chai haijapoa amekwisha kuletewa "maana" yake kwa sentensi tatu. Walimu wanalalamika kwamba vijana wamekuwa wavivu. Watetezi wa teknolojia wanajibu kwamba majibu mengi yanayotoka ni sahihi, sasa ugomvi uko wapi? Juzi nikajaribu mwenyewe. Nilichukua shairi la Mwingereza John Donne liitwalo "A Valediction: Forbidding Mourning", lile la mwanamume anayesafiri na kumwomba mpenzi wake asilie, nikaomba tafsiri na maana. Maana ilikuja safi kabisa: mapenzi ya kweli hayavunjwi na umbali. Tafsiri nayo ilisomeka vizuri, ila kile kifaa ambacho mshairi anafananisha nacho roho mbili za wapendanao kilikuwa kimeandikwa "dira".

Dira ni ya nahodha: kisahani chenye sindano moja inayotafuta kaskazini. Donne alikuwa anasema habari ya bikari, ile ya miguu miwili inayokaa kwenye mkebe wa hisabati pamoja na rula na kifutio. Kiingereza kina neno moja linaloweza kubeba vyote viwili, na mashine ikaokota lisilotakiwa. Mtu anaweza kusema ni kosa la neno moja tu, na maana haikuharibika. Dira huongoza, mapenzi huongoza, yaishe. Hapo ndipo penye kesi yangu. Ikiwa unaweza kuitoa bikari ukaweka dira, na ile "maana" isitikisike hata kidogo, basi maana hiyo haikutoka ndani ya shairi. Ilikuwapo kabla shairi halijasomwa. Na kosa hili ni la zamani kuliko simu. Sisi wenyewe, darasani na vitabuni, tumezoea kuiuliza sitiari swali moja tu, "ina maana gani?", kana kwamba ni bahasha ya kuchanwa ili barua itolewe na karatasi ya juu itupwe. Kwa mashairi ya mapenzi ya Donne na wale Waingereza wa karne ya kumi na saba walioitwa washairi wa metafizikia, swali hilo halitoshi. Sitiari yao ndefu haikuwekwa kupamba, wala kuficha. Inajenga hoja, na hoja haiishii kuulizwa inasema nini. Huulizwa pia imesimama au imeanguka.

Jina lenyewe, metafizikia, yaani falsafa ya kuuliza asili ya vitu, lilianza kama lawama. Mshairi John Dryden aliandika mwaka 1693 kwamba Donne anajitia umetafizikia hata katika mashairi ya mapenzi, akiwavuruga wanawake akili kwa falsafa badala ya kuwagusa mioyo. Mwaka 1779 mhakiki Samuel Johnson, akiandika juu ya mshairi Abraham Cowley, akalikaza jina hilo na kulipa kundi zima, na limewaganda hadi leo. Wao wenyewe hawakuwa kundi. Donne alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, wakati ambapo Ukatoliki ungeweza kumpeleka Mwingereza gerezani. Mdogo wake Henry alifia humo mwaka 1593 baada ya kukamatwa kwa kumficha kasisi. Yeye alisoma sheria Lincoln's Inn, chuo cha wanasheria London, akaenda na meli zilizovamia Cádiz, bandari ya Uhispania, mwaka 1596, kisha akawa katibu wa Sir Thomas Egerton, mmoja wa wakubwa wa serikali. Desemba 1601 akamwoa kwa siri Anne More, binti wa miaka 17, mpwa wa mke wa mwajiri wake. Baba mtu alipojua, Donne akalala ndani na kazi ikapotea. Alikuja kupata heshima upya kanisani, akafa mwaka 1631 akiwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Mashairi yake ya mapenzi yalikuwa yakisomwa karibu yote kwa nakala za mkono. Kitabu kilichapishwa mwaka 1633, mwenyewe yuko kaburini. Kati ya yote hayo, ninaloomba lishikwe ni lile la sheria. Huyu alifundishwa kujenga kesi na kuona mapema mpinzani atapenya wapi.

Kabla yake ushairi wa mapenzi wa Ulaya ulikuwa na sanduku la vifananisho ambalo kila mtu alichota humo: macho ni jua, midomo ni marijani, mpenzi ni mwindaji, moyo ni ngome. Kifananisho kinawaka mstari mmoja kisha kinazimwa, kinawashwa kingine. Hakuna anayeuliza kama macho ni jua, basi usiku yanakwenda wapi. Donne anauliza. Anachukua kitu kimoja, mara nyingi kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angekipeleka kwa mpenzi wake, kiroboto, bikari, tufe la ramani, na anakaa nacho ubeti baada ya ubeti akikigeuza kila upande kuona kama kitabeba mzigo. (Najua wenye kanuni watanisahihisha kwamba bikari imeletwa kwa neno "kama", kwa hiyo ni tashbihi wala si sitiari. Sawa. Kwa ninalolisema hapa haibadilishi kitu.)

Tulitazame shairi la kuagana kwa karibu. Lina beti 9 za mistari minne minne. Linaanza mahali pasipotarajiwa: kitandani pa mtu mwema anayekata roho. Anakwenda kimya kiasi kwamba rafiki waliomzunguka wanabishana, wengine wakisema pumzi imekatika, wengine wakisema bado. Sisi nasi tuagane vivyo hivyo, anasema, bila mafuriko ya machozi wala tufani za kite. Hatua ya pili ni ya elimu ya nyota ya wakati ule: ardhi ikitetemeka watu hushikwa na hofu na kuhesabu hasara, lakini mtetemo wa tufe za mbinguni, ulio mkubwa mno kuliko huo, haumdhuru mtu. Yaani ukubwa wa tukio haupimwi kwa kelele zake. Hatua ya tatu inawatenga wapenzi wa kawaida, wale "walio chini ya mwezi", ambao mapenzi yao ni macho na midomo na mikono, hivyo mwili ukiondoka hakuna kinachobaki. Kisha inakuja dhahabu: roho zetu mbili ni moja, kwa hiyo nikiondoka hazikatiki, zinatanuka tu kama dhahabu inayofuliwa hadi ikawa nyembamba kama hewa. Hapa Donne hakuwa akibuni. Gramu 1 ya dhahabu inaweza kufuliwa ikawa karatasi ya karibu mita 1 ya mraba bila kukatika, jambo ambalo chuma hakiwezi.

Lakini tazama kinachotokea baada ya dhahabu, maana hapo ndipo muhtasari wa simu unapopita bila kusimama. Ubeti wa saba unaanza kwa neno "kama", ile ya sharti: kama roho hizi ni mbili, basi ni mbili kwa namna ambavyo miguu ya bikari ni miwili. Kwa nini "kama"? Kwa sababu kuna mtu amepinga. Shairi halimtaji, ila nafasi yake iko wazi: mwanamke anayeagwa amesikia habari ya roho moja, akamtazama mwanamume aliyeshika mzigo mlangoni, na akili yake ikamwambia kwamba hawa ni watu wawili, mmoja anaondoka na mmoja anabaki. Tena dhahabu iliyofuliwa hivyo ni dhaifu, ukiipulizia inachanika. Donne hakukaidi. Amefanya kama wakili anayesema: tuseme nimekubali pingamizi la mwenzangu, bado kesi ni yangu. Anaacha dhahabu, anachukua chombo ambacho uwili wake hauna ubishi lakini kina kifundo kimoja juu. Bikari imeletwa kwa sababu hoja iliyotangulia imekwama.

Sasa chukua bikari mkononi. Chomeka ncha kwenye karatasi, tanua mguu wa penseli. Mguu wa katikati haukusogea mahali pake hata chembe, lakini haukubaki wima: umeinama kuufuata mwenzake, na kadiri mwenzake anavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kuinama. Donne anasema huinama na kumtegea sikio, kisha husimama wima mwenzake arudipo nyumbani. Mtu aliyeandika hivyo aliitazama bikari. Na anasema jambo jingine ambalo kila aliyewahi kununua bikari ya bei ya chee atalielewa mara moja: anaziita bikari ngumu, zilizokaza. Bikari yenye skrubu iliyolegea huchora duara ambalo mwisho wake haukutani na mwanzo wake. Inapita kando kidogo, inabaki mistari miwili inayochungulia. Kwa hiyo mistari miwili ya mwisho, ile isemayo uthabiti wako ndio unaolikamilisha duara langu na kunifikisha nilipoanzia, ni maelezo ya ufundi. Uthabiti wa anayebaki nyumbani umefanywa kuwa sababu ya mwenye safari kutopotoka. Hilo dira haiwezi kulisema. Dira ingesema kwamba mpenzi ni kaskazini na mimi ni sindano, jambo zuri pia, lakini ni shairi jingine, la mtu mwingine, lenye ahadi nyingine.

Na kwa kuwa ni hoja, inaweza kukosea. Mimi naona ina ufa. Bikari hufanya kazi mbili tofauti: hutanuka na kujikunja, na huzunguka. Mguu wa penseli ukirudi katikati, ule wa kati husimama wima, lakini hakuna duara. Ukizunguka, duara linakamilika, lakini mguu umeishia pale pale pembezoni ulipoanzia, mbali na katikati kama mwanzo. Ubeti wa nane umeahidi kurudi nyumbani, ubeti wa tisa umeahidi duara, na Donne amezisema kana kwamba ni ahadi moja. Kuna rubai ya Kiajemi, shairi la mistari minne, inayohusishwa na mshairi Omar Khayyam ambayo imeliona tatizo hili: mpenzi, mimi na wewe ni mfano wa bikari, vichwa viwili mwili mmoja, sasa tunazunguka nukta kama duara, mpaka mwisho wa kazi ambapo tutavikutanisha vichwa. Mbili zile zimepangwa kwa zamu, kwanza kuzunguka, baadaye kukutana. Wapo wanaomtetea Donne kwa kusema duara lenye nukta katikati ndiyo alama ya dhahabu katika alkemia, ile elimu ya kale ya kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu, kwa hiyo bikari imemchorea tena ile dhahabu aliyoiacha beti tatu nyuma. Utetezi mtamu, na huenda ni kweli. Mimi bado naona ufa. Jambo la kuzingatia ni kwamba tunaweza kubishana hivi. Huwezi kubishana na midomo ya marijani. Hapo hakuna dai la kupimwa.

Nadhani wasomaji wa Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kuisoma vibaya sitiari ya namna hii, nayo ni kwamba tumelelewa na fumbo. Kwetu kufumba ni ufundi wenye heshima. Kwenye taarabu mwimbaji ataimba habari za jahazi au ndege au ua, na ukumbini mtu anainuka kwenda kutunza, akipita makusudi mbele ya mbaya wake huku ananesa, na kila mwenye masikio anajua jahazi ni nani. Kanga huandikwa jina ambalo litamuuma jirani mmoja tu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Raha ya fumbo iko kwenye kulifumbua, na likishafumbuliwa kazi yake imekwisha. Tukija kwa Donne na funguo hizo tunajikuta hatuna mlango wa kufungua, maana yeye hakufunga. Anakuambia tangu mwanzo: hii ni roho yako, huu ni mguu wa katikati. Siri haipo. Kilichobaki ni kumfuata hatua kwa hatua kuona kama haruki shimo. Anayemaliza kusoma akasema "bikari ni mapenzi" amesema kitu ambacho mshairi alikwisha kukisema mwenyewe, akaenda zake kabla mjadala haujaanza.

Shairi linaloonyesha hili kwa kicheko ni "The Flea", la kiroboto. Beti 3, mistari 9 kila mmoja. Mwanamume anamtaka mwanamke, mwanamke hataki. Kiroboto amemuuma mwanamume, sasa anamuuma mwanamke. Tazama, anasema, damu zetu zimechanganyika humo ndani, na hakuna anayeliita jambo hilo dhambi wala aibu. Basi hicho unachoninyima ni kidogo namna gani. Msomaji wa leo anaona ni mzaha mtupu, lakini elimu ya mwili ya zama zile ilifundisha kwamba kujamiiana ni kuchanganya damu, kwa hiyo mlinganyo wa mwanamume ulikuwa na miguu ya kusimamia. Kati ya ubeti wa kwanza na wa pili mwanamke anainua mkono kumwua kiroboto. Mwanamume anapiga kelele: usiue, humu mna roho tatu, yangu, yako na yake, kiroboto huyu ndiye kitanda chetu cha ndoa na hekalu letu. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu mwanamke anamponda. Kucha imekuwa nyekundu. Na ana jibu: ulisema uhai wetu umo humu, mbona nimemwua na hakuna kati yetu aliyedhoofika? Jibu hilo ni zuri kuliko yote aliyoyasema mwanamume. Limechukua sitiari yake, likaipima kwa ukucha, ikashindwa. Mwanamume anageuka kama paka aliyeangushwa kutoka juu: kweli kabisa, hukudhoofika, basi na heshima yako nayo ukinikubali itapungua kwa kiasi hicho hicho, yaani bure. Shairi linaishia hapo, hatuambiwi alikubaliwa. Ukilipa shairi hili "maana" utapata "mwanamume anamtongoza mwanamke kwa werevu". Umekosa kwamba sitiari imeuawa mbele ya macho yako na ikafufuliwa ikiwa upande wa pili.

Wapo wanaopinga njia hii yote, na baadhi yao wana nguvu. Johnson ndiye mzito kuliko wote. Alisema kwa washairi hawa mawazo yasiyohusiana yamefungwa nira pamoja kwa nguvu, na kuhusu bikari yenyewe akasema ni vigumu kuamua kama kilichoshinda ni upuuzi au werevu. Hakuwa mjinga wa ushairi. Ukimsoma Cowley, ambaye kitabu chake cha mapenzi kilitoka mwaka 1647, unaona mtu aliyejifunza kwa Donne kushangaza bila kujifunza kusadikisha. Kifananisho kinafuata kifananisho na hakuna kinachokidai kinachofuata. Richard Crashaw, mshairi mwingine wa kundi hilo, naye akiandika mapenzi ya dini, ameyaita macho ya Maria Magdalena yanayolia mabafu mawili yanayotembea na bahari za kubebeka. Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikitafuta namna ya kumtetea, sijapata. Hoja ya Johnson basi inawapata wengi. Ila inawapata kwa sababu wameacha kujenga hoja. Mabafu mawili yamewekwa pale yashangaze, hayakuombwa yathibitishe lolote. Kipimo cha Johnson, kwamba mawazo mawili yanafanana kiasi gani yakiwekwa pamoja, kinafaa kwa pambo. Kwa bikari kipimo ni kingine, kwamba ukikubali hatua ya kwanza utalazimika kukubali ya pili au huna ulazima.

Pingamizi dhaifu kuliko yote ndilo maarufu kuliko yote, nalo ni lile la Dryden linalorudiwa hata leo na watu wasiomjua: mwenye mapenzi ya kweli hajengi hoja, anayepanga hatua hajapenda, anacheza. Nashangaa anayeliamini hili amewahi kupenda wapi. Mtu aliyeshikwa na mapenzi ndiye anayekesha akipanga maneno, akijibu mapema maswali ambayo hajaulizwa, akiuchambua ujumbe wa maneno manne kama hakimu anayepitia ushahidi. Mtu anayeagana na mkewe akijua safari ni ya miezi hana anasa ya kusema "nakupenda" peke yake, kwa sababu anayebaki ameshalisikia neno hilo na bado analia. Anahitaji sababu ya kutolia. Kumtafutia mtu sababu, ukairekebisha anapoipinga, ndiyo heshima ambayo midomo ya marijani haijawahi kumpa mwanamke yeyote. Mshairi na mhakiki T. S. Eliot alipowarudisha washairi hawa mwaka 1921 alisema kwa Donne wazo lilikuwa tukio lililopitia kwenye hisia. Sina haja ya kumfuata katika mengine yote aliyoyajenga juu ya kauli hiyo, ila hapo alipiga mahali penyewe.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la tatu, na sitajifanya nimelimaliza. Hoja ina mwenye kuisema, na katika mashairi haya msemaji ni mwanamume karibu kila mara. Katika shairi lake la kumwomba mpenzi avue nguo, ambalo halikuchapishwa hadi mwaka 1669, Donne anamwita mwanamke Amerika yake, nchi yake mpya iliyogunduliwa, ufalme ulio salama ukikaliwa na mtu mmoja, machimbo yake ya vito. Katika "The Sun Rising" yeye mwanamke ni mataifa yote na mwanamume ni wafalme wote. Sisi tuliotoka katika nchi zilizowahi "kugunduliwa" hatuwezi kusoma mistari hiyo kama mchezo tu. Hapa kusoma sitiari kama hoja kunatufaa kuliko kuisoma kama pambo, maana pambo hupita kimya ilhali hoja huwajibika: ukisema mwanamke ni nchi mpya, umesema pia nani ana bendera na nani ana udongo. Donne hakuficha hilo. Amelifuata hadi mwisho wake, na mwisho huo unamshitaki.

Bikari nayo ina swali la namna hiyo. Kwa nini mguu wa katikati ni mwanamke? Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Donne, anasema shairi la kuagana alipewa Anne mwaka 1611, mumewe alipokuwa akienda Ufaransa na tajiri wake Sir Robert Drury. Wapo wataalamu wasiosadiki. Lakini safari ilikuwapo, na Anne alibaki akiwa mjamzito. Mwanzoni mwa 1612, mume yuko ng'ambo, alijifungua mtoto aliyekufa. Mwaka 1617 alifariki akiwa na miaka 33, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa 12, naye pia mfu. Ukiusoma ule ubeti wa mguu unaoinama na kutega sikio huku ukijua hayo, unaona mzigo ambao mshairi hakuuandika. Bikari haisemi anayebaki hafanyi kitu, inasema anainama. Haikusema chini ya uzito gani.

Andrew Marvell, mshairi mwenzao aliyezaliwa mwaka 1621 na baadaye akawa mbunge wa mji wa Hull, alikwenda mbali zaidi kwa njia ya hisabati hiyo hiyo, na ndiye shahidi wangu wa mwisho. Katika "The Definition of Love" anasema mapenzi ya wengine ni kama mistari ya mshazari, inaweza kukutana kwa kila pembe, ila ya kwetu ni mistari sambamba hasa: hata ikirefushwa bila kikomo haitakutana kamwe. Kanuni ya mtoto wa shule. Mistari sambamba ndiyo inayokubaliana kuliko yote, haipishani mwelekeo hata nywele moja, na ni kwa ukamilifu huo huo haitagusana. Mtu anayetafuta pambo la mapenzi hawezi kulichagua hili, kwa sababu linamnyima anachokitaka. Marvell ameianza sitiari akaiacha imfikishe inakokwenda, hata kama ni kwenye kukata tamaa.

Ndiyo maana sioni kwamba dawa ni kupiga marufuku simu. Mashine imejibu swali tulilolifundisha. Kwa miaka mingi mtihani umetaka mtahiniwa "ataje na kufafanua tamathali za semi", na mwanafunzi mzuri anaorodhesha: sitiari, tashbihi, tashihisi, takriri, kila moja na mfano wake, alama mbili mbili. Hiyo ni hesabu ya ghala. Programu inaifanya vizuri kuliko sisi na haichoki. Isichoulizwa ni kwa nini "kama" imewekwa mwanzoni mwa ubeti wa saba, au mwanamke alisema nini kati ya beti mbili za kiroboto, au ingekuwaje kifaa kingekuwa dira. Mfasiri naye ana la kujifunza: anayehamisha shairi la namna hii kuja Kiswahili hana budi kwanza kujua chombo kinafanyaje kazi, neno zuri litafuata. Kwa bahati tunalo neno, bikari, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, na kitenzi cha kutega sikio tumekuwa nacho tangu zamani.

Ningekuwa na darasa, kipindi cha kwanza nisingetoa shairi. Ningegawa bikari, moja kwa kila watu wawili, nyingine nimezilegeza skrubu kwa makusudi, nikawaambia wachore duara na kutazama mguu wa katikati. Shairi lingekuja baada ya hapo, na swali la mtihani lingekuwa moja: je, Donne amesema kweli? Mwanafunzi atakayeinua mkono na kusema mwalimu, huu mguu wa penseli mbona haujarudi nyumbani, ningempa alama zote, kisha nikamwuliza angemshauri mshairi abadilishe nini.